Kapeti nje, bati ndani: mapitio ya kazi ya sakafu ya Toyota 86 yangu kwa ajili ya traki

Nianze na jibu, najua wengi mnataka kujua pesa iende wapi. Kama una uwezo wa kufanya kitu kimoja tu ndani ya gari yako ya spoti kabla uipeleke traki, yaani uwanja wa mbio, weka bati la kisigino, lile la kukalia kisigino chini ya pedali, na mahali pa kusukumia mguu wa kushoto. Si kutoa kapeti, si kubandua lami ya kuzuia kelele, si rangi. Hayo mengine nimefanya yote na nitayaeleza hapa, mengine nimeyapenda sana na mengine ningekwambia uache, lakini lile bati ndilo limebadilisha vile naendesha, na ndilo lilikuwa la bei nafuu kuliko yote, na cha kushangaza hapa Nairobi ni wachache wanaliongelea, stori ni tabo na ekzosi na rimu tu.

Gari ni Toyota 86 ya kizazi cha kwanza, ZN6, ya kutoka Japani, injini ya lita mbili FA20 bila tabo, gia za mkono, uzito kama kilo 1,240 hivi. Hii ndio ile Toyota na Subaru walitengeneza pamoja wakalaza injini chini kabisa hadi kitovu cha uzito kikakaa milimita 460 kutoka ardhini, kumbuka hiyo namba tutairudia. Siku za kazi inapita Thika Road kama gari nyingine yoyote na wikendi ni autokrosi, zile mbio fupi za kupita kati ya koni, na mazoezi ya mbio za saa, zile za aina ya KiambuRing TT ambapo lami inafungwa na unakimbia peke yako dhidi ya saa. Kwa hivyo sikutaka gari ya mashindano tupu, nilitaka sakafu inayofanya kazi traki na bado mama yangu anaweza kupanda tukaenda kanisani.

Kwa nini sakafu? Ukiingia kona na tairi nzuri mwili unasukumwa kando kwa nguvu inayokaribia uzito wako mwenyewe, yaani kama una kilo themanini ni kama mtu wa kilo themanini amekulalia ubavuni. Siti inashika kiasi, mkanda unashika kiasi, kinachobaki kinashikwa na mguu wa kushoto na mikono. Mguu ukikosa mahali pa kusukuma unaanza kuning'inia kwa stiyaringi, na stiyaringi ukiining'inia huwezi kusikia tairi za mbele zinakwambia nini. Mguu wa kulia nao kisigino ndio egemeo la kila kitu, unakanyaga breki na upande wa pili wa mguu unagusa mafuta ili gia ishuke vizuri, sasa kapeti ya kiwandani iko na sponji chini yake, kisigino kinazama kidogo, kinahama kidogo, na kila ukifika kona mguu hauko pale ulikuwa kona iliyopita. Hiyo ndio shida, na haionekani kwa karatasi ya dayno, ile mashine ya kupima nguvu ya injini.

Mati za juu ya kapeti wala tusijadili, toa. Hata kama ni siku moja tu ya kujaribu gari, hata kama zina vile vibanio. Agosti 2009 kule San Diego, Marekani, Lexus ES 350, gari ya Toyota, iliua watu wanne wa familia moja, mati ambayo haikuwa ya gari hiyo ilinasa pedali ya mafuta na gari ikakataa kupungua. Baada ya hapo Toyota ikaita magari karibu milioni 3.8 Marekani yarudi kurekebishwa kwa ajili ya mati. Na hiyo ilikuwa barabara ya kawaida, sasa fikiria traki ambapo unakanyaga mafuta hadi mwisho kila sekunde chache. Pamoja na mati toa chupa za maji, chaja, mwavuli, ile spana unaweka chini ya siti. Chupa ikiingia nyuma ya pedali ya breki hakuna ustadi wa kuendesha utakaokuokoa.

Sasa kazi yenyewe. Nilipeleka gari kwa gereji ya mzee mmoja Industrial Area, sitaitaja jina wala simu, lakini nitasema alichofanya vizuri na alichonikwaza. Kitu cha kwanza mzee alifanya nikampenda hapo hapo, alitoa waya wa betri akaniambia "kijana wangu, kaa kwanza tunywe chai." Ukisoma kitabu cha Toyota wanasema ungoje angalau sekunde 90 baada ya kutoa betri kabla ugusane na mambo ya eabegi, kwa sababu umeme unabaki kwenye mfumo. Chini ya siti za hii gari kuna plagi za njano, hizo ni za eabegi na mikanda, ukizitoa na swichi iko on taa ya eabegi itawaka kwa dashi na utahitaji mashine ya kuizima. Mafundi wengi mtaani hawangoji hata dakika.

Siti zikatoka, konsoli ya katikati ikatoka, kapeti ikatoka yote kipande kimoja. Ushauri hapa, usikate kapeti. Kuna video nyingi watu wanapasua na kisu wapate kuitoa haraka, lakini ukitaka kuuza gari baadaye au ukichoka na kelele utaitafuta hiyo kapeti na kuipata nzima si rahisi. Yangu imekunjwa iko juu ya kabati nyumbani.

Chini ya kapeti ndio unakutana na lami, zile karatasi nzito nyeusi za kuzuia kelele zimeshikana na bati. Kuna njia mbili, hita na skrepa, au barafu kavu. Njia ya hita inageuza lami kuwa uji unaonata kila mahali, mikono, viatu, waya. Barafu kavu ndio njia ya kweli na nikiipa alama ni tisa kwa kumi. Hapa Kenya tuko na bahati, kaboni dayoksaidi inatoka ardhini yenyewe kule Kereita, Lari, kampuni ya Carbacid wanaivuna, na barafu kavu unaipata Nairobi bila shida kubwa. Ni ile gesi imegandishwa, iko nyuzi 78 chini ya sifuri, ukiimwaga juu ya lami ukaiacha dakika kama kumi hivi lami inakuwa ngumu na dhaifu kama kioo, unagonga na nyundo ya mpira inapasuka yenyewe na kubanduka kwa vipande vikubwa. Bati linabaki na rangi yake ya kiwandani, hakuna kukwaruza sana. Hiyo sauti ya lami kupasuka ukiisikia mara ya kwanza utafurahi moyoni, wallahi.

Lakini sikilizeni hii ya usalama maana si mchezo. Barafu kavu haiyeyuki kuwa maji, inageuka gesi moja kwa moja, na hiyo gesi ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa hivyo inatulia chini, na wewe ukiwa umeinama ndani ya gari kichwa chako kiko huko huko chini. Milango yote wazi, buti wazi, fanya nje na si ndani ya kontena, ukisikia kichwa kinauma au pumzi inakuwa fupi toka saa hiyo hiyo. Ukiibeba kutoka dukani vioo viwe chini njia yote. Usiifunge kwenye chombo kisichopumua, italipuka. Na glavu za ngozi nene, si zile za mpira za kuosha vyombo, inachoma ngozi kama moto. Mzee alikuwa na kijana mmoja wa kazi akataka kuishika na mikono mitupu ili aonyeshe ujasiri, mzee alimfokea hadi nikasimama.

Mahali inashindwa ni pale sakafu imesimama, kuta za handaki la giaboksi, yaani ule mgongo wa katikati ya sakafu, na ule ukuta wa injini, barafu inateleza tu inaanguka. Unaweza kuijaza kwa mfuko wa kitambaa ukaushikilia lakini mimi nilisema tuache, na hiyo ndio sehemu ya pili ya ushauri wangu, usitoe lami ya handaki. Chini yake kuna ekzosi na giaboksi, ukikimbia raundi kadhaa mfululizo joto lote linapanda huko, na ile lami pamoja na sponji yake ndio kinga yako. Badala ya kuitoa tuliongeza karatasi ya alumini ya kurudisha joto upande wa mguu. Hiyo karatasi naipa saba, imesaidia, ila gundi yake inaachia ukingoni kama bati halikufutwa vizuri na spiriti kwanza.

Sasa twende kwa uzito, maana hapa ndio watu wanadanganyana sana. Kapeti, mati na lami tuliyotoa vyote pamoja kwa mizani ya kupimia mahindi havikufika kilo ishirini. Kwa gari ya kilo 1,240 hiyo ni asilimia moja na nusu, haitakupa sekunde unazoota. Na kuna jambo lingine watu hawafikirii kabisa. Uzito wa sakafu uko chini, chini ya kile kitovu cha milimita 460. Ukitoa kitu kilicho chini ya kitovu, kitovu kinapanda. Piga hesabu mwenyewe, toa kilo 18 zilizokaa kama sentimita 20 kutoka ardhini, kitovu kinapanda karibu milimita nne. Ni kidogo, hutaisikia, lakini ni upande usioutaka. Kwa hivyo mtu akikwambia ametoa kapeti ili gari "ikae chini kwa kona" mwambie abadilishe siti kwanza. Faida ya kweli ya kutoa kapeti ni mbili tu, mguu unakaa juu ya kitu kigumu, na siti ya baketi, ile ya mbio inayokumbatia mwili, inaweza kufungwa chini zaidi na vizuri zaidi ukiona bati lenyewe lilivyo. Hii ya pili ni kubwa kwa mtu mrefu, helmeti ikivaliwa paa la 86 linakuwa karibu sana.

Historia nayo inakubali. Ferrari F40 ya 1987 haikuwa na kapeti kabisa, ndani ulikuwa unaona kaboni na hata gundi imebaki wazi, na ile Lotus Elise ya kwanza ya 1996 ilikuwa na sakafu ya alumini mitupu na gari nzima ilikuwa na kilo kama 725. Lakini hizo ziliundwa hivyo tangu kwenye karatasi, uzito ulipunguzwa kila mahali na sakafu tupu ilikuwa matokeo tu. Kuvua kapeti ya 86 hakuigeuzi Elise.

Rangi sasa. Baada ya lami kutoka, mabaki ya gundi yalifutwa na thina, tena milango wazi na hakuna sigara karibu, halafu msasa mwepesi, praima ya epoksi ya kuchanganya na hadna, ile dawa ya kugandisha rangi, halafu rangi ya kijivu hafifu. Kijivu hafifu nilichagua kwa makusudi, kwa sakafu nyeusi huwezi kuona oili imetiririka au bati limepasuka karibu na bolti za siti, kwa kijivu unaona siku hiyo hiyo. Kupiga hizi rangi za hadna kunataka maski ya kweli yenye chujio, si kitambaa, mvuke wake unaharibu mapafu. Zile raba za kuziba mashimo ya sakafu, mashimo ambayo kiwandani ni ya kutoa maji ya rangi, tuliweka mpya zote. Nairobi mvua ya Aprili ikianza na raba moja imelegea utakuwa na dimbwi chini ya miguu na kutu mwezi unaofuata.

Hapa ndipo gereji iliponikwaza. Rangi ya juu ilikuwa nzuri lakini pale karibu na mlango wa abiria walipiga bila kufuta gundi yote na ikabanduka kama ngozi baada ya jua la wiki chache. Nilirudi, mzee akairudia bila kunilipisha na bila maneno, kwa hivyo simlaumu sana, ila muda niliopoteza haurudi. Pia walichelewa kuliko walivyoahidi, na sasa hilo ni la gereji zote.

Bati sasa, roho ya hii stori. Nilijaribu aina mbili. Ya kwanza mafundi wa jua kali walikata kutoka kwa cheka pleti ya alumini, zile bati zenye vinundu zinawekwa kwa ngazi za basi. Inapendeza macho, kila mtu akifungua mlango anasema wow. Lakini ukiendesha na viatu vya soli nyembamba vile vinundu vinanasa kisigino, wakati unataka mguu uteleze kutoka breki kwenda mafuta unakwama nusu sekunde, na kwa kona nusu sekunde ni nyingi mno. Naipa tano. Ya pili ni alumini laini ya milimita tatu, imekunjwa ifuate mteremko wa sakafu, kingo zote zimepigwa faili hadi mviringo, halafu tukabandika tepu ya msasa, ile ya ngazi, pale tu mguu wa kushoto unapokaa. Upande wa kulia umebaki laini kabisa. Kisigino kinazunguka mahali pamoja, kinateleza nikitaka, kinatulia nikitaka. Uzito wake haufiki kilo mbili. Hii ni kumi kwa kumi na sioni sababu ya kuagiza lile la nje la bei ya juu.

Mambo ya kuangalia kwa bati ni haya, na usiyapuuze. Pedali zote tatu zifike mwisho wake bila kugusa bati, jaribu na mkono kabla ya kuwasha injini, na jaribu tena breki ukiikanyaga kwa nguvu zote. Alumini isikae moja kwa moja juu ya chuma kisicho na rangi, vikipata unyevu vinakulana, weka washa za nailoni, zile pete za kuweka chini ya bolti. Na kabla mtu ashike drili, alale chini ya gari aangalie, mabomba ya breki na ya petroli mara nyingi yanapita pale pale chini ya sakafu. Mzee aliingia na tochi akaweka alama na chaki kutoka chini ndio akachimba. Kwa hiyo hatua peke yake ningerudi kwake.

Mtungi wa kuzimia moto nao tuliufunga sakafuni mbele ya siti ya abiria, kwa bolti za siti zenyewe na mikanda miwili ya chuma. Ule mshipi wa plastiki unaokuja na mtungi kutoka supamaketi haufai. Sheria za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinataka kifungo kivumilie nguvu ya mara 25 ya uzito, yaani mtungi wa kilo nne unakuwa kama kilo mia siku ya ajali, sasa fikiria hiyo ikikujia magotini. Na kwa wale mnataka kufunga siti ya baketi kwa mashimo mapya, sheria hizo hizo zinataka bolti zisizopungua milimita 8 na bati la chuma la kuimarisha la unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 40 kila tundu. Washa ya kawaida itapasua sakafu ikatoka na siti yako.

Kelele je? Ipo. Kokoto zinagonga, difu, gia za tairi za nyuma, unaisikia ikiimba kwenye mwendo wa kilomita themanini, simu huwezi kuongea vizuri. Kwa traki ni raha, unasikia tairi zinaanza kulia mapema zaidi na hiyo ni habari ya maana. Kwa Thika Road saa kumi na mbili jioni inachosha. Suluhisho langu limekuwa kukata kapeti nyepesi ya kawaida kwa upande wa abiria na nyuma, imeshikwa na velkro, siku ya traki inatoka chini ya dakika moja. Mama amekubali kupanda tena. Upande wa dereva hakuna kitu ila bati.

Mkipanga kufanya hii, ongeeni na bima kwanza, bima nyingi za komprehensivu hazilipi ajali ya mashindano na wengine wanataka kujua ukibadilisha gari. Halafu anzeni na bati na pahali pa mguu juu ya kapeti iliyopo, mkate kipande kidogo tu cha sponji chini yake, mkimbie nalo siku kadhaa. Kama mguu umetulia na mmeridhika, barafu kavu na rangi vinaweza kungoja hadi mtakapokuwa mnaweka siti ya baketi, maana siti lazima zitoke tena siku hiyo na fundi atawatoza mara moja badala ya mbili.